Mombasa au Kigali: marafiki wawili wa Moshi na Arusha waende wapi?

Anayeishi Moshi au Arusha hawezi kusingizia umbali wa mpaka. Holili haifiki kilomita 50 kutoka Moshi mjini, Namanga ni kilomita 110 hivi kutoka Arusha, na uwanja wa ndege wa KIA uko katikati ya miji yote miwili. Kwa hiyo marafiki wawili wakisema "mwaka huu tutoke nje ya nchi", njia si tatizo. Tatizo ni kuchagua, na kawaida simu ndiyo inayochagua: mmoja kaona picha ya bahari, mwenzake kaona picha ya barabara za Kigali zisizo na hata karatasi chini, basi mwenye sauti kubwa anashinda.

Mimi nina kipimo kingine. Safari ya watu walio chanda na pete ina hesabu zake. Haina watoto wa kukimbizana nao wala mkwe wa kumwonea haya, lakini kila kitu mnakipitia wawili: chumba, usafiri, sahani, uchovu. Ulizeni mji unawaruhusu kugawana nini, na nini kila mmoja atakibeba peke yake. Kwa kipimo hicho Mombasa na Kigali zinaachana mbali kuliko ramani inavyoonyesha. (Zanzibar siiweki kwenye mizani hii. Ni nzuri, ila hamtagongewa muhuri.)

Karatasi zenu ni zile zile kokote mtakakokwenda, kwa hiyo nizimalize haraka. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu raia wao kuvukiana mipaka kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo, na kadi ya NIDA peke yake haikuvushi Holili. Mnahitaji pasipoti, shilingi 150,000 kwa miaka kumi, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na ofisi za uhamiaji za mikoa kwa safari za Afrika Mashariki. Visa hamlipi. Bebeni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana hiyo huulizwa siku ambayo umeiacha kabatini. Na kabla ya kuomba likizo, mmoja amuulize mwenzake kwa sauti: pasipoti yako inaisha lini? Rafiki wa kweli hujibu bila kuitafuta. Wengine husema "ipo", halafu siku tatu kabla ya safari mnakutana kwenye foleni ya uhamiaji.

Njia ya kwenda

Mombasa inafikika kwa basi, mchana kutwa. Mabasi hutoka Arusha, yanapakia Moshi, yanapita Himo hadi Holili. Kituo cha mpaka ni cha pamoja: ukienda unashuka mara moja upande wa Taveta, unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili, unapanda tena. Kutoka Taveta ni lami hadi Voi, kisha mnaingia barabara kuu ya Nairobi na kuteremka pwani. Kutoka Moshi ni kama kilomita 300. Waliopita Taveta–Voi enzi za vumbi jekundu watawasimulia hata msipowauliza.

Njia hiyo yenyewe ni utalii kwa anayejua anachotazama. Muda mfupi baada ya Taveta kuna kilima kidogo cha Salaita, ambako Februari 1916 majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Wajerumani na kurudishwa nyuma. Mwezi uliofuata Moshi ikaanguka mikononi mwa Waingereza. Reli ya kutoka Voi kuja upande wetu ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Mbele zaidi barabara inakatiza Tsavo Magharibi, na tembo waliojipaka udongo mwekundu wakiamua kusogea barabarani mtawaona bila kulipa kiingilio. Kaeni upande mmoja wa basi. Aliye dirishani akisema "ona, ona" mwenzake awe na pa kuangalia.

Namna ninayoipenda zaidi ni ya mduara. Mnatoka Arusha kwa kosta kupitia Namanga, mnalala Nairobi, asubuhi mnapanda treni ya SGR hadi Mombasa, mnarudi nyumbani kwa Voi na Taveta. Treni hiyo ilianza 2017, na tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, kama 30,000 za kwetu. Kuna kasoro moja: stesheni zote mbili, Syokimau na Miritini, ziko nje ya katikati ya mji, kwa hiyo wekeni nauli ya kufika na ya kutoka. Hata hivyo, mizunguko ya namna hii ndiyo inayozaa hadithi za miaka mitano.

Kigali kwa barabara ni adhabu. Mnapita Singida, Nzega, Kahama, mnakwenda mpaka Rusumo, zaidi ya kilomita elfu moja, na mtalala ndani ya basi. Urafiki mwingi unavumilia njaa. Wachache wanavumilia shingo iliyokakamaa. Chukueni ndege. RwandAir imekuwa ikitua KIA, na ndege ya moja kwa moja haichukui saa mbili. Ratiba zake hubadilika, kwa hiyo tazameni siku za ndege kwanza ndipo mwombe likizo, wala si kinyume chake. Saa zenu mtazirudisha nyuma kwa saa moja mkitua, na magari yanapita kulia: mnapovuka barabara shikaneni mikono siku ya kwanza, watu wa Arusha tumezoea kuchungulia upande mmoja tu.

Nauli za mjini

Hapa ndipo kipimo changu kinapofanya kazi. Arusha bodaboda hubeba mshikaki, wawili nyuma ya dereva, trafiki akiwa hayupo. Kigali hakuna mshikaki. Pikipiki inabeba abiria mmoja, dereva anakupa helmeti, na hata ukimwongezea hela hakubali. Maana yake kila mahali mnapokwenda mnalipa pikipiki mbili, na mnafika kwa nyakati tofauti, mmoja kashatoa simu kumtafuta mwenzake. Taksi inawakusanya pamoja lakini ni ghali zaidi. Miguu nayo ni suluhisho zuri. Mji ni salama kutembea hata usiku, ila ni vilima juu ya vilima. Mtu wa Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro, hatashangaa. Mtu wa Unga Limited, Arusha mjini, atahema.

Mombasa mnapanda tuktuk, yaani bajaji, inayowakalisha wawili na mizigo, nauli mnagawana. Matatu zipo kwa safari ndefu. Kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, na ndilo tembezi la bei nafuu kuliko yote mjini humo: meli zinaingia bandarini, watu wanajazana na matenga ya samaki, upepo wa bahari unapiga. Shikeni simu zenu vizuri. Mombasa si Kigali kwa habari ya wezi wa simu.

Kubadili fedha nako kuna mtego. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na 20 za kwetu, wakati faranga ya Rwanda haijafika shilingi mbili. Kigali bei ni ya maelfu kama nyumbani, unashtuka, unaacha; Mombasa inaonekana ndogo, unasema "sahani mia nane tu", halafu jioni unagundua wawili mmekula chakula cha 32,000. Mnaoweka mfuko mmoja wa matumizi, aliyepata maksi nzuri za hesabu ndiye ashike mfuko huo Kenya. Rwanda mnaweza kupeana zamu.

Cha kutazama

Mombasa ina Fort Jesus, na kama mtaona kitu kimoja tu kioneni hicho. Wareno waliijenga kuanzia 1593 kwa mawe ya matumbawe. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, watu wakifa ndani kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meli ya Wareno iliyokuja kuokoa, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari mnaviona makumbusho humo humo. Baadaye Waingereza waliigeuza jela. UNESCO iliiorodhesha 2011. Mnaostahili kiingilio cha wakazi wa Afrika Mashariki semeni mapema na muonyeshe pasipoti, msisubiri kuulizwa.

Kutoka ngomeni mnaingia Mji wa Kale kwa miguu bila mpango. Milango ya nakshi, vibaraza, harufu ya kahawa, wazee wanaozungumza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, mtakachokielewa chote isipokuwa utani. Hapa kutembea wawili kuna faida ya kweli: mmoja anauliza bei ya leso, mwingine anakunja uso na kuanza kuondoka, bei inashuka. Mkae na heshima ya mavazi, na mkienda Ramadhani mjue mchana migahawa mingi ya eneo hilo imefungwa, ila jioni mtaa mzima unapika.

Watakaolala upande wa Bamburi wapite Haller Park, machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyopandwa miti tangu 1971 yakawa msitu. Huko ndiko alikoletwa kiboko mchanga Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe mkongwe aliyeitwa Mzee, wakawa wanakula na kulala pamoja. Wataalamu walieleza kwamba mtoto yule alikuwa anatafuta mama. Sisi wengine tuliona tu watu wawili wasiofanana wakisafiri vizuri.

Kigali haina ngome wala bahari, na anayeiendea kwa ajili ya "vivutio" vya haraka ataimaliza kwa siku mbili. Uzito wake uko kwingine, na kwa mtu wa Arusha uzito huo unaanzia nyumbani. Mkataba wa amani baina ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF ulisainiwa Arusha, 4 Agosti 1993. Miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Mwisho wa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania ndani ya siku moja hivi. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama ya Rwanda, ikawekwa katika jengo la AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, na humo ndimo Jean-Paul Akayesu alipotiwa hatiani Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ilifungwa mwishoni mwa 2015. Wengi wetu tulipita chini ya ghorofa hizo kila siku tukienda benki au kununua chapati, tukijua kuna "mambo ya Rwanda" huko juu, basi.

Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, Kigali, yanakuunganisha na hayo yote. Zaidi ya watu 250,000 wamezikwa pale, na kuingia ni bure. Septemba 2023 UNESCO iliyaorodhesha pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Kuna chumba cha picha za watoto, chini ya kila picha imeandikwa alichopenda kula, mchezo alioupenda, na alivyokufa. Hapo hakuna cha kugawana. Mtatembea umbali wa hatua kadhaa, kila mmoja na lake, na mkitoka nje msijilazimishe kuzungumza. Kwa hiyo mjue mnayesafiri naye. Aliyefiwa karibuni, au mwenye jamaa aliyepitia vita Burundi au Kongo, aulizwe kwanza kwa upole kama anataka kuingia; akikataa, aachwe na kikombe cha chai mgahawani bila kuulizwa tena. Na msipange sherehe ya kuzaliwa usiku wa siku hiyo hiyo. Nimeona mipango ya namna hiyo kwenye ratiba za watu.

Siku ya pili nendeni Kanombe, ilipokuwa ikulu ya Rais Habyarimana. Sasa ni makumbusho ya sanaa, na mabaki ya ndege yake, iliyotunguliwa naye akiwamo 6 Aprili 1994 ikitoka Dar es Salaam, yamebaki pale ilipoangukia. Kisha pumzikeni Nyamirambo, mtaa wa misikiti, saluni na mafundi cherehani. Kiswahili chenu kinasikika huko kuliko popote Kigali. Kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini msikitegemee kila duka. Vijana wengi watawajibu kwa Kinyarwanda au Kiingereza.

Wenye siku za ziada waende Ziwa Kivu. Ningewaelekeza Karongi badala ya Rubavu, kwa kuwa Rubavu imepakana na Goma, na tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma, mji wa Kongo, Januari 2025 hakuna sababu ya mtalii kujisogeza huko. Mbuga ya Akagera ni nzuri, ila mtu wa Arusha kwenda Rwanda kutazama twiga anataka maelezo. Sokwe wa milimani ndio tusio nao: kibali cha mgeni ni dola 1,500 tangu 2017. Kumekuwa na bei nafuu kwa raia wa Afrika Mashariki, iulizeni kabla ya kukata tamaa.

Sahani, joto na usiku

Kwa chakula Mombasa inashinda, na sitabishana. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana biriani ya sahani moja vijiko viwili, jioni kwenye bustani ya Mama Ngina kando ya bahari mnakula muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, viazi karai, achari za maembe. Chakula cha mtaani kimetengenezwa kwa ajili ya watu wawili wenye hamu tofauti. Kigali mtakula mishikaki ya mbuzi, isombe ambayo ni kisamvu, sambaza wa Kivu wa kukaanga, na mtindi wao mzito unaoitwa ikivuguto. Mchaga aliyezoea mbege aonje urwagwa, pombe yao ya ndizi, akalinganishe mwenyewe. Ni chakula kizuri. Hakikufanyi ukaahirisha kulala.

Hali ya hewa ni upande wa Kigali. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Arusha, kwa hiyo sweta lenu la jioni linatosha. Mombasa ni jasho. Ikiwa mmoja wenu halali bila feni, chumba cha feni moja kati ya vitanda viwili kitawapima kuliko mpaka wowote; lipieni kiyoyozi.

Usiku pia haufanani. Tangu Septemba 2023 kumbi za burudani Rwanda hufungwa saa saba usiku siku za kazi na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Wiki ya kuanzia 7 Aprili ni ya maombolezo na starehe husimama kabisa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, asubuhi maduka yamefungwa na watu wako kwenye kazi za jamii, kwa hiyo msipange kuondoka Kigali asubuhi hiyo. Mombasa haina breki kama hizo, jambo ambalo kwa wengine ni sifa na kwa wengine ni sababu ya kutokwenda.

Kwa miezi, Juni hadi Agosti panafaa kote kuwili kuliko masika. Desemba siitaji hata. Mjini Moshi mnayaona magari yanavyomiminika kutoka Dar. Mchaga anayeondoka nchini wiki ya Krismasi atatafutwa na ukoo mzima.

Na Istanbul?

Kuna wanaoniuliza hilo kwa sababu Turkish Airlines inatua KIA. Ni mji mkubwa kweli: Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537, Soko Kuu la kuezekwa linakupoteza, na saa ya Uturuki tangu 2016 ni sawa na yetu mwaka mzima. Lakini inahitaji visa, na visa hutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Mmoja akikubaliwa na mwingine akakataliwa mtafanyaje? Tangu Januari 2024 mgeni analipa euro 25 kuingia Hagia Sophia peke yake. Mwenye mshahara mdogo atakuwa anasema "nenda tu, nitakusubiri nje" kila lango. Iacheni mpaka mifuko yenu ilingane.

Chaguo langu

Marafiki ambao hawajawahi kulala chumba kimoja zaidi ya usiku wa msiba au harusi waanze na Mombasa. Mkikorofishana siku ya tatu, basi la kurudi lipo kesho asubuhi, nauli haiumizi, na mpaka Taveta mtakuwa mmeshanunuliana maji. Kigali ni ya marafiki wanaoweza kukaa meza moja bila kuongea na bila mmoja kudhani kakosewa. Hao wakate tiketi ya ndege kwa utulivu, ila wasome masharti ya kubadili tarehe kabla ya kulipa.